H. E. Lambert: Mkuu wa wilaya aliyekuwa mwanafunzi wa wazee wa Embu na Meru

JINA la H. E. Lambert huwafikia wasomi wa Afrika Mashariki kwa njia mbili, na mara nyingi anayelijua kwa njia moja halijui kwa ile nyingine. Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nalo anapofika kwenye lahaja za pwani ya kusini ya Kenya: Chichifundi, Kivumba, Chijomvu na Kingare. Mwanafunzi wa historia ya nyanda za Mlima Kenya hukutana nalo anaposoma habari za Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru, na jinsi lilivyotoka mafichoni hadi likakubaliwa na serikali ya kikoloni iliyokuwa ikilipiga vita. Ni wachache wanaong'amua kwamba mwandishi huyo ni mtu mmoja, na kwamba riziki yake haikutokana na uprofesa. Harold Ernest Lambert alikuwa mkuu wa wilaya.

Maisha yake yanafaa kukumbukwa wakati huu ambapo Embu na Meru zimejaa wanafunzi wa utawala. Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vilipata hati zao mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu kikafuata mwaka 2016. Chuo cha Mafunzo ya Serikali, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, kina bewa lake mjini Embu, na maafisa wa serikali kuu na wa kaunti hufika hapo kunolewa. Anayesomea shahada ya uzamili katika utawala wa umma hufundishwa kuchambua sera, kupanga bajeti, kufanya utafiti na kuandika ripoti isomeke. Ni ujuzi wa lazima. Lakini miaka mingi kabla ya kozi hizo kuwapo, katika wilaya hizo hizo, mtumishi mmoja wa serikali aliifanya ofisi yake kuwa darasa, na matokeo ya masomo yake, mema kwa mabaya, yangali yanaonekana.

Katika kizazi cha Lambert afisa wa utawala hakufundishwa kazi yake kwa muda mrefu. Kabla ya mwaka 1926, kijana wa Kiingereza aliyeajiriwa kuja kutawala Afrika alipitishwa katika kozi ya miezi michache jijini London, akaonjeshwa sheria, uhasibu na afya ya nchi za joto, kisha akapanda meli. Mwaka huo mafunzo yalihamishiwa katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, na elimu ya lugha na mila za Waafrika ikapewa nafasi kubwa zaidi. Akishafika Kenya alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili ili athibitishwe kazini. Baada ya hapo aliachwa aogelee mwenyewe. Alikuwa hakimu, mtoza kodi, msimamizi wa barabara na mwenyekiti wa baraza, yote kwa wakati mmoja.

Wengi walijifunza kiasi cha kuwatosha kutoza kodi. Hata yule aliyetamani kujua zaidi alikatizwa na uhamisho, kwa maana haikuwa ajabu mkuu wa wilaya kung'olewa kabla ya kumaliza miaka miwili, akapelekwa kwa watu wa lugha nyingine na mila nyingine. Aliyempokea alianza upya kwa kusoma ripoti ya makabidhiano iliyoachwa mezani, kurasa chache zilizoandikwa na mtu mwenye haraka ya kufunga masanduku. Ugonjwa huo haukwenda na wakoloni. Lambert alikuwa na bahati ambayo wenzake hawakuipata: alihudumu Embu mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, kisha akawa Meru kwa vipindi zaidi ya kimoja kati ya miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Alibaki kwenye mteremko ule ule wa mlima muda wa kutosha kuuliza swali moja mara ya pili na ya tatu.

Wilaya hizo mbili ziliingia katika himaya ya Uingereza kwa njia tofauti. Embu ilitwaliwa kwa mtutu wa bunduki mwaka 1906. Meru iliingia bila vita vikubwa, na boma lake likaanzishwa mwaka 1908 chini ya E. B. Horne, ambaye wenyeji walimbandika jina la Kangangi kwa tabia yake ya kuzungukazunguka. Kote kuwili Waingereza walitafuta machifu wasiwaone. Sheria zao zilidhani kwamba kila kabila lina mkubwa mmoja anayeweza kuitwa bomani na kupewa amri. Huku mlimani watu walitawaliwa na mabaraza na marika. Katika Embu, madaraka ya kizazi yalipokezanwa kati ya makundi mawili, Kimanthi na Nyangi, kwa sherehe kubwa iliyokuja baada ya miaka mingi. Katika Meru mwanamume alipanda ngazi ya rika lake polepole, akaingia kiama, na miongoni mwa wazee wa kiama wachache walioteuliwa walitoa mifugo na kula kiapo ili waingie Njuri.

Serikali haikuwa na subira ya kujifunza ngazi hizo. Kwa kutumia sheria za mwaka 1902 na 1912 iliwateua wanaume iliowaona wanafaa, ikawapa fimbo na mshahara, ikawaita machifu. Baadhi walikuwa watu wenye heshima zao. Wengine walikuwa tarishi na wakalimani wa juzi tu, waliopata nguvu ambazo baba zao hawakuziota. Mwaka 1924 sheria nyingine ilileta mabaraza ya wenyeji katika wilaya, na mwenyekiti wake akawa mkuu wa wilaya mwenyewe, Mzungu.

Yaliyoipata Njuri katika miaka hiyo ndiyo yanayoeleza kazi ya Lambert. Njuri ilikuwa na mamlaka juu ya mipaka ya ardhi, malisho na kesi zilizowashinda wazee wa ngazi za chini, na ilitoza faini za mifugo. Haikuwa na askari. Nguvu yake ilikuwa muma, yaani kiapo, na hofu ya laana ya wazee. Mambo yake mengi yalikuwa ya siri, na siri humtia mtawala wasiwasi. Maafisa wa miaka ya 1910 na 1920 waliichanganya na vyama vya wachawi na waganga, wakaipiga marufuku au wakajifanya haipo, na machifu wapya, waliokuwa na sababu zao za kutotaka mpinzani, hawakuwasahihisha. Wamishonari nao waliona katika viapo vile upagani mtupu.

Basi wazee wakaingia vichakani. Kesi ikawa inasikizwa mara mbili: mchana mbele ya chifu, ikaandikwa na muhuri ukapigwa, usiku mbele ya Njuri, ambako ndiko watu waliamini imekwisha. Afisa aliyesoma faili zake pekee angeapa kwamba wilaya yake ina utulivu na sheria inafuatwa. Hakujua kwamba anatawala ganda.

Lambert alilijua hilo kwa sababu aliuliza. Alijifunza kuketi na wazee na kuandika. Aliorodhesha marika na kuyahesabu kurudi nyuma, akafuata koo na mipaka yake, akauliza nani alifyeka msitu upi kwanza na kwa haki gani. Alikusanya masimulizi ya safari za kale, yakiwamo yale ya Mbwaa, mahali penye maji makubwa ambako Wameru husimulia kwamba walitoroka utumwa, na ambako baadhi ya wanahistoria hupahusisha na pwani ya kaskazini ya Kenya. Hapo ni vigumu kutotabasamu ukikumbuka kwamba mwandishi wa masimulizi hayo angekuja kuimaliza kazi ya maisha yake huko huko pwani, akisikiliza Kiswahili cha wavuvi.

Kutokana na maswali hayo alifikia maoni ambayo wakubwa wake wengi Nairobi hawakuwa nayo. Alishikilia kwamba Njuri haikuwa genge la wachawi bali serikali ya watu, kwamba kuizima hakungewafanya wenyeji watii machifu, na kwamba mtawala mwenye akili angeifanya mshirika. Wazo lenyewe halikuwa geni. Lugard alikuwa amelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1922, na jirani zetu wa Tanganyika walilijaribu chini ya Gavana Donald Cameron kuanzia mwaka 1925. Tofauti ni kwamba Cameron na watu wake walitafuta watemi, na pale walipokosekana waliwatunga. Lambert alikuwa na baraza lisilo na mtemi, akalichukua lilivyo, au alivyodhani lilivyo.

Chini yake Njuri ilitoka vichakani. Iliruhusiwa kukutana hadharani, ikapelekewa kesi za ardhi, na viapo vyake vikatambuliwa katika kukata mashauri ambayo ushahidi wa kawaida ulishindwa kuyakata. Wajumbe wa baraza la wilaya walihimizwa wawe watu wa Njuri ili vyombo viwili visivutane. Kizuizi kikubwa kilikuwa Wakristo. Vijana waliosoma katika misheni, wanaojua kuandika na kuhesabu, ndio hasa serikali iliowahitaji barazani, lakini dini yao iliwakataza viapo na karamu za wazee. Njia ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1930: kiapo kikapunguzwa yale ambayo Mkristo asingeweza kuyameza, na waumini wakaanza kuingia. Katika hilo mchango wa mwalimu mmoja wa misheni ya Kimethodisti, W. H. Laughton, ambaye mwenyewe aliandika kitabu kidogo juu ya Wameru mwaka 1944, ulikuwa mkubwa. Tangu hapo Njuri haikuwa tena baraza la wazee wasiosoma. Walimu na makarani walikuwa ndani.

Hiyo ndiyo sura ya Lambert inayopendwa kusimuliwa Meru. Anasimuliwa kama Mzungu aliyesikiliza, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Lakini mwanafunzi wa utawala atakayekomea hapo atakuwa amesoma nusu ya kwanza tu.

Kwanza, Njuri aliyoitangaza haikuwa sawa kila mahali. Mizizi yake ilikuwa mirefu Tigania na Igembe na Imenti. Huko kusini, kwa Wachuka na Wamuthambi, na huko chini kwa Watharaka, mabaraza yalikuwa na sura nyingine. Wilaya ilihitaji chombo kimoja, na chombo kimoja kikapatikana. Wanahistoria waliokuja baadaye wamebishana sana juu ya kiasi gani cha Njuri tuijuayo leo ni urithi na kiasi gani ni kazi ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Mtu akiandika mila ya kijiji kimoja kwenye karatasi yenye nembo ya serikali, kijiji cha pili hujikuta kimeambiwa kwamba hiyo ndiyo mila yake.

Pili, kulikuwa na hesabu ya kisiasa. Katika miaka ya 1930 Chama Kikuu cha Wakikuyu kilikuwa kikieneza madai ya ardhi na ya shule huru, na serikali haikutaka moto huo uvuke upande wa mashariki wa mlima. Baraza la wazee wa Meru, lenye fahari yake na historia yake, lilikuwa ukuta mzuri. Sidhani kwamba Lambert aliwasoma wazee ili awageuze ukuta. Udadisi wake unaonekana wa kweli katika kila ukurasa. Lakini mwajiri wake alikuwa na matumizi yake, na ujuzi ulioandikwa hauchagui msomaji.

La tatu ndilo zito zaidi. Lambert aliwauliza wazee, na wazee walikuwa wanaume. Kwa mila za Embu na Meru, msichana aliyepata mimba kabla ya kukeketwa alionekana kuwa nuksi kwa ukoo mzima, na mimba hiyo iliharibiwa. Mwaka 1929 suala la ukeketaji lilikuwa limelipasua eneo lote kati ya misheni na waumini wake, kuanzia Kigari ya Waanglikana hadi Chogoria ya kanisa la Uskoti. Maafisa wa wilaya hizi, Lambert akiwa miongoni mwao, walilitazama jambo hilo kwa jicho la idadi ya watu. Walihofia kwamba utoaji mimba unawapunguza raia na nguvukazi, na dawa waliyoiunga mkono ilikuwa wasichana wakeketwe wakiwa wadogo zaidi, kabla ya kuvunja ungo. Katika Meru ya miaka ya 1930 sera hiyo iliishia katika matukio ambayo wenyeji waliyaita kigwarie: wasichana kukusanywa na kukeketwa kwa wingi, polisi wakiwapo.

Sera ilikuwa na utafiti nyuma yake, ilishauriana na wenyeji, na iliheshimu mamlaka ya jadi. Kwa vipimo vingi vinavyofundishwa darasani ingepata alama nzuri. Waliokosekana katika mashauriano ni wale ambao wembe ulikuwa ukiwaelekea.

Maandishi yake yalianza kutoka alipokuwa akiiacha kazi ya wilaya. Mwaka 1945, pamoja na Percy Wyn Harris, alitayarisha waraka wa serikali kuhusu sera ya umiliki wa ardhi katika maeneo ya Waafrika. Mwaka 1947 Chuo Kikuu cha Cape Town kilichapisha utafiti wake kuhusu matumizi ya mamlaka za wenyeji katika utawala, wenye mifano ya Meru tupu. Mwaka 1950 chuo hicho hicho kilitoa kazi yake juu ya mifumo ya ardhi katika nchi ya Wakikuyu na majirani zao. Kisha mwaka 1956 kikaja kitabu chake mashuhuri zaidi, kuhusu taasisi za kijamii na kisiasa za Wakikuyu, kilichochapishwa na Oxford kwa niaba ya Taasisi ya Kimataifa ya Afrika. Jina la kitabu hicho hudanganya kidogo. Neno Wakikuyu limetumika kwa upana wa kuwajumuisha Waembu, Wambeere, Wachuka na Wameru, na mengi ya yaliyomo yametoka kwao, kwa sababu ndiko mwandishi alikoishi.

Si kitabu chepesi. Kina majina ya marika yanayofuatana kama mbegu za shanga, na maelezo ya sherehe yasiyobakiza mbuzi hata mmoja bila kutajwa. Wapo wanaokilaumu kwa kukosa nadharia. Binafsi naona huo ndio uhai wake, kwa maana nadharia za mwaka 1956 zimekwisha kufa na kuzikwa, lakini orodha ya mbuzi bado inatumika kortini.

Kuhusu ardhi alikuwa na msimamo ambao ulishindwa. Alionyesha kwamba katika jamii hizi haki ya mtu mmoja kulima ilikaa ndani ya haki pana ya ukoo, na kwamba wazee walikuwa wasimamizi waliozuia ardhi isipotee ovyo. Mapendekezo yake yalielekea kuulinda usimamizi huo. Serikali ilichukua njia iliyo kinyume. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliamua kwamba mashamba yaunganishwe, yapimwe na kila mwenye shamba apewe hati yake, katikati ya hali ya hatari, wakati maelfu ya wanaume wakiwa kizuizini au msituni. Hati ziliandikwa kwa majina ya wanaume waliokuwapo. Kesi zilizozaliwa siku hizo zimewalea mawakili wa Embu na Meru kwa vizazi, na ndani ya mafaili yake mara kwa mara utakuta kurasa za Lambert, zikiwa zimeletwa na upande mmoja au mwingine kuthibitisha ni nani alikuwa wapi.

Mwaka ule ule kitabu chake kilipotoka, 1956, Njuri nayo ilitumiwa kwa jambo ambalo yeye hakuliagiza. Kwa kushinikizwa na utawala, mnamo Aprili wazee wa Njuri walipiga marufuku ukeketaji wilayani Meru. Sasa baraza lililokuwa limeaminiwa kuwa sauti ya watu lilitamka, na watu hawakusikiliza. Wasichana waliingia porini na kukeketana wenyewe kwa nyembe walizonunua madukani. Wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri. Katika muda wa miaka mitatu zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuvunja amri hiyo. Waliokeketwa mapema kwa idhini ya serikali katika miaka ya 1930 walikuwa sasa akina mama, na wakashuhudia serikali ile ile, kupitia wazee wale wale, ikiwaadhibu binti zao. Unaweza kulitazama tukio hilo kwa pembe nyingi. Kwa mtu wa utawala, lilionyesha mwisho wa uwezo wa chombo kilichojengwa kwa kuwauliza wanaume wazee pekee.

Wakati huo Lambert alikuwa amegeukia pwani. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930 baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ilikuwa imetumia miaka mingi kuondoa tofauti ili vitabu vya shule viwe na lugha moja. Lambert, akishirikiana na kamati hiyo hiyo, alifanya kazi iliyoelekea upande wa pili. Alitoa mfululizo wa tafiti za lahaja: Kivumba cha Wasini na Vanga mwaka 1957, kisha Chichifundi na baadaye Chijomvu na Kingare mwaka 1958. Njia yake ilikuwa ile ile ya Meru: kaa, sikiliza, andika neno kama lilivyotamkwa, usimsahihishe mwenye lugha.

Sisi tunaoishi kwa kusahihisha nakala za wenzetu tungefaa kuzisoma tafiti hizo walau mara moja kwa mwaka. Kuna maneno tuliyoyakata kalamu nyekundu kwa kuwa hayamo katika kamusi, kumbe yana makwao na umri unaoushinda ule wa kamusi.

Mwaka 1962 alihariri na kutafsiri Utenzi wa Vita vya Uhud uliokusanywa na Haji Chum wa Zanzibar, ukatoka katika mfululizo wa Johari za Kiswahili. Alikuwa pia mtunzi. Alifariki katika miaka ya 1960, na mwaka 1971 Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki ilichapisha Diwani ya Lambert, mashairi yenye jina lake. Si maafisa wengi wa himaya ile walioacha diwani katika lugha ya watu waliowatawala.

Mwaka 1961, miaka miwili kabla ya uhuru, serikali ilifungua Taasisi ya Utawala ya Kenya huko Kabete ili kuwaandaa Waafrika washike nafasi za Wazungu waliokuwa wakiondoka. Kazi ilikuwa ya haraka. Wakuu wa tarafa na wa wilaya walihitajika kwa mamia, na waliofunzwa walijifunza sheria, fedha, taratibu za ofisi na uongozaji wa baraza. Mila za wilaya aliyopelekwa mtu hazikuwa na nafasi kubwa, na kwa sababu inayoeleweka: elimu hiyo ilinuka ukoloni. Kijana wa Embu aliyepelekwa Turkana alifika akiwa anajua kanuni za matumizi ya fedha kuliko alivyojua ni nani mwenye kisima. Taasisi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Chuo cha Mafunzo ya Serikali.

Katiba ya mwaka 2010 imeirudisha mada hiyo mezani. Kifungu cha 159 kinazitaka mahakama zihimize njia mbadala za kutatua migogoro, zikiwamo za kijadi, mradi zisivunje haki za binadamu wala Katiba. Afisa wa kaunti ya Meru au naibu kamishna wa Mbeere anajikuta akiwaalika wazee katika mgogoro wa mpaka au wa malisho, kama Lambert alivyofanya, lakini sasa sheria inamlazimu aulize pia yule mjane anasemaje, na binti wa ukoo ana fungu gani.

Njuri Ncheke ingali hai, na jengo lake la mikutano liko Nchiru, upande wa Tigania. Jirani yake ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Mwanafunzi anaweza kutoka darasani na kufika penye mti wa wazee kabla chai haijapoa. Karatasi za Lambert mwenyewe, orodha zake za marika, maelezo ya koo na majibu ya wazee waliokufa zamani, haziko huko. Zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Meru, na mtu wa Igembe anayetaka kujua babu yake alimwambia nini mkuu wa wilaya hana budi kupanda matatu ya alfajiri.